Maji ya Chemchemi Kwenye Betri

Kila asubuhi kabla ya shule, Coleta aliwatoa zizini maksai wawili wa kulimia wa nyumbani kwao, kijijini Pito, na kuwapeleka malishoni. Mmoja, Chapakazi, alimlea mwenyewe kwa uji wa ulezi tangu akiwa ndama yatima. Basi baba yake, Felisian, alipomuuza Chapakazi, Coleta alilia hadi sauti ikamkauka.

"Umeme wa jua ni ghali, mwanangu," Felisian alimweleza. "Serikali imeondoa kodi, na mradi wa umeme vijijini unalipa nusu ya bei, lakini mara moja tu kwa kila kaya. Nusu yetu tungeitoa wapi? Kifua cha mama yako kimechoshwa na moshi wa kibatari."

Kweli, taa ya sola ilipowaka, mama alianza kulala bila kukohoa. Coleta akapewa kazi ya kuongeza maji ya betri, yale ya dukani tu.

Jioni moja chupa ilimponyoka, maji yote yakamwagika. Kwa hofu ya kugombezwa, aliijaza maji ya chemchemi. Pito nzima iliyasifu maji yale kwa usafi, naye akaona hayana neno. Akayatia kwenye betri, akanyamaza.

Baada ya muda taa ilianza kufifia, kisha ikazimika kabisa. Kibatari kikarudi mezani, na kikohozi nacho kikarudi.

Fundi Shedrack alifungua vifuniko vya betri, akatikisa kichwa. "Hii imekufa, mzee. Imetiwa maji ya kawaida, na hata yakiwa safi yana chumvichumvi inayoua betri."

Coleta aliangua kilio, akasema yote.

Mradi haukulipa mara ya pili. Maksai aliyebaki akauzwa, betri mpya ikaja, mama akapata nafuu. Zizi likabaki tupu, na moyo wa Coleta uliuma kuliko siku ya kwanza.

Msimu wa kulima ulipofika, baba na mtoto walishika majembe ya mkono.

"Baba, nisamehe," Coleta alisema.

"Nilishakusamehe. Chupa humponyoka yeyote, na mambo ya betri hukuyajua. Ungeniambia jioni ile, fundi angeyatoa maji yale na betri ingepona. Kunificha ndiko kulikotugharimu maksai wa pili. Siku nyingine ukiharibu kitu, njoo uniambie, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, baba."

Felisian aliinama kulima. Coleta akaona mikono ya baba yake imechubuka, na shamba lote bado liko mbele yao.