Grisi Haizibi Damu

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki kinywani: kisa hiki ni cha kweli, mwanzo mpaka mwisho. Asiyeamini aende gereji akaulize. Atamkuta fundi mwenyewe, na mshangao bado haujamtoka usoni.

Fundi huyo watu walimwita Spana. Alikuwa mrefu na mkavu, na kichwa chake kiliegemea upande mmoja kwa miaka mingi ya kuchungulia chini ya magari. Alifanya kazi na mdogo wake. Mkewe naye alikuwa na cherehani katika chumba cha mbele cha gereji, akishona vitambaa vya viti vya magari.

Asubuhi moja alikuja mteja mwenye hasira. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Gari lake lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina hata tairi moja.

"Fundi, ulisema litakuwa tayari jana!"

"Hapana, dada. Jana nilisema litakuwa tayari kesho. Kesho ndiyo leo, ila leo bado haijaisha."

Mkewe alicheka mpaka sindano ya cherehani ikaenda upande. Mtaalamu alifungua mdomo ajibu. Hapo ndipo waliposikia kishindo.

Mdogo wake Spana alikuwa akivuta mlango wa gari bovu. Mlango uliteleza, na bati lake kali likamchana paja.

"Kaka! Nimekwisha!"

Spana alikimbia. Damu ilikuwa ikitiririka mpaka ndani ya kiatu. Spana akafanya kile alichofanya siku zote kitu kilipovuja. Alichota grisi kiganja kizima, akaipaka juu ya jeraha. Kisha akalifunga kwa tambara la kufutia oili.

"Tulia, mdogo wangu. Hapa hapavuji tena hata tone."

Akangoja kidogo, akafunua tambara kuchungulia. Damu ikaruka! Akafunga. Akangoja, akafunua tena. Ndivyo alivyozoea kazini: unatia oili, unangoja, unachomoa kijiti kuangalia kimo.

"We fundi, acha!" Mtaalamu alimsukuma kwa bega. "Unataka kumuua?"

Spana alibaki ameduwaa, mikono inang'aa kwa grisi.

"Lete kitambaa safi!" mtaalamu aliamuru.

Mke wa Spana alileta kitambaa kipya cha pamba, hakijashonwa bado. Mtaalamu aliliondoa tambara chafu, akakunja kitambaa mara kadhaa, akakiweka juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu zake zote. Alimlaza kijana chali, mguu wake ukainuliwa juu ya tairi.

Baada ya muda kitambaa kilianza kulowa.

"Kifunue tuone," Spana alisema.

"Hakifunuliwi! Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Lakini usichungulie."

"Sasa nitajuaje kama imekauka?"

"Sikiliza. Ndani ya damu mna vipande vidogo sana, haviwezi kuonekana kwa macho. Vinaitwa chembe sahani. Mshipa ukikatika, vinakimbilia pale na kushikana, vinakuwa kizibo. Kisha damu inatengeneza nyuzi nyembamba, kama za mkeo hapo kwenye cherehani. Nyuzi zinajifuma juu ya kizibo na kukikaza. Huko ndiko kuganda kwa damu. Kila ukifunua, unaing'oa ile kazi yote. Inabidi ianze upya!"

"Na grisi je?"

"Grisi ina mchanga, ina kutu, ina vijidudu. Umempaka uchafu mpaka ndani ya nyama."

Spana alijitazama viganja. Alivificha nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mke wake alisimamisha teksi iliyokuwa ikipita. Mtaalamu aliingia na kijana, mikono bado imekandamiza jeraha, Spana na mkewe wakajibana kando. Hakuliachia mpaka hospitali.

Daktari alimpokea kijana upesi. Alisafisha jeraha, akashona mshipa na ngozi, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Lakini kijana alikuwa amepauka. Midomo ilikuwa myeupe kama karatasi, na moyo ulidunda mbiombio.

"Anahitaji damu," daktari alisema. "Ya kundi lake tuna mfuko mmoja tu. Tunamtundikia sasa. Tutahitaji mwingine, na haupo."

Mama yao alikuwa amefika, kanga moja kiunoni, nyingine ameisahau nyumbani. Aliposikia hayo alikaa chini palepale sakafuni.

"Dokta, amemwaga ndoo nzima!" Spana alilia. "Nimeona kwa macho yangu!"

"Ndoo?" alisema mtaalamu, ambaye sasa alikuwa amevaa koti lake jeupe. "Mtu mzima ana kama lita tano tu mwili mzima. Angemwaga ndoo tusingekuwa tunazungumza naye. Hata hivyo, amepoteza nyingi mno."

Spana alikunja mkono wa shati. "Basi nitoe mimi. Tumelala tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Damu yangu na yake ni ileile."

"Tupime kwanza."

Alichukua damu kidogo kutoka mkononi mwa Spana. Baadaye alirudi, akatikisa kichwa.

"Wewe ni kundi A. Mdogo wako ni kundi O. Huwezi kumpa."

Spana alimgeukia mama yake polepole, macho yamemtoka.

"Mama... huyu ulimpata wapi?"

Mama aliinuka kutoka sakafuni kama aliyekalia kaa la moto.

"Nilimpata wapi? Nilimpata palepale nilipokupata wewe, mpumbavu! Uchungu wake ulinishika usiku kucha, na baba yako kasimama mlangoni anatetemeka! Leo ndiyo unaniuliza mbele za watu?"

"Mama, shusha hasira," mtaalamu alisema, akijizuia kucheka. "Na wewe fundi, shika adabu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na makundi tofauti. Mtoto anarithi sehemu moja kwa mama na sehemu moja kwa baba. Mtu wa kundi A anaweza kuwa amebeba O ndani yake, haionekani. Wewe uliokota A. Mwenzako aliokota O kwa mama na O kwa baba. Basi."

"Kumbe!" Spana alishika kichwa. "Samahani, mama."

"Samahani yako utaniletea nyumbani, na uje nayo umeoga."

Lakini Spana bado hakuridhika. "Dada, yote si damu nyekundu? Tia tu hiyo ya kwangu! Mtoto anakufa!"

"Nikuulize. Mafuta ya breki yamepungua. Mimi nikatia oili ya injini. Itakuwaje?"

Spana aliruka. "Mungu wangu! Mipira yote inavimba! Breki zinakufa! Mwehu gani anafanya hivyo?"

"Wewe. Sasa hivi. Kwa mdogo wako."

Spana aliushusha mkono wa shati polepole.

"Chembe zako nyekundu zina alama, inaitwa A. Za mdogo wako hazina alama ya A wala ya B, ndiyo maana tunasema O. Damu yake ina ulinzi unaopinga alama hizo. Tukimtia damu yako, ulinzi ule utazivamia chembe zako, zitashikana na kupasuka ndani ya mishipa. Figo zinaweza kuharibika. Anaweza kufa. Mwenye O anapewa O tu."

Alimwonyesha mrija mdogo wa kioo wenye damu iliyozungushwa kwenye mashine. Chini palikuwa na wekundu mzito. Juu palikuwa na majimaji ya rangi ya njano.

"Damu ya njano!" Spana alirudi nyuma hatua nzima.

"Ni damu yako mwenyewe. Hayo majimaji yanaitwa plazma, ndiyo yanayobeba chakula na kila kitu kingine. Nyekundu ni chembe zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni. Mdogo wako amebaki na chache, ndiyo maana anahema. Na hapa katikati, huu utando mwembamba, mna chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu, pamoja na zile sahani zako ulizokuwa ukizing'oa."

Mke wa Spana alikuwa amesimama kando muda wote. Sasa alisogea.

"Nipimeni mimi."

"Wewe?" mama mkwe alishtuka. "Mwanangu, wewe umetoka kwa watu wengine kabisa. Ndugu yake ameshindwa, wewe utaweza wapi?"

"Mama, nipimwe tu. Sindano siiogopi, nashinda nayo."

Alipimwa. Mtaalamu alirudi mbio, meno yote nje.

"Kundi O! Na ile alama nyingine tunayoangalia, ya chanya au hasi, nayo inalingana."

Mama alishika mdomo. Spana alimtazama mkewe kama anamwona mara ya kwanza.

Walimpima uzito na wingi wa damu. Walimuuliza kama ni mjamzito, kama ananyonyesha, kama ana maradhi yoyote. Kisha akalala kitandani, akatoa mfuko mmoja, chini kidogo ya nusu lita. Kabla ya kutumika, damu hiyo ilichunguzwa kama ina virusi vya ukimwi, homa ya ini au kaswende. Ilikuwa salama. Mwisho ikachanganywa kidogo na ya mgonjwa kwenye kioo, kuhakikisha kwamba hazigombani.

"Na yeye sasa si amepungukiwa?" Spana aliuliza kwa hofu.

"Anywe maji mengi, ale vizuri. Majimaji yatarudi haraka, chembe nyekundu zitachukua wiki kadhaa. Zinatengenezwa ndani ya mifupa."

"Ndani ya mifupa!" Spana alijigonga goti, akalisikiliza.

Mfuko ulitundikwa. Tone kwa tone. Jua lilipokuwa linashuka, midomo ya kijana ilirudiwa na rangi. Alifumbua macho akamwona aliyelala kitanda cha pili.

"Shemeji, na wewe umekatwa na mlango?"

"Mimi nimekatwa na wewe. Lala."

Mama alivuta kiti, akakaa katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja huku, mwingine kule. Hakusema neno. Kwa mama yule, hilo nalo lilikuwa la kushangaza.

Kijana alipona, akarudi kazini. Gereji ikabadilika. Ukutani kuna sanduku lenye vitambaa safi, bandeji na sabuni, na ole wake atakayevitumia kufutia spana. Kila fundi amepimwa na anajua kundi lake. Na gari la hospitali linalokusanya damu huja mara kwa mara kusimama pale getini, ili mgonjwa mwingine asikute rafu ya damu ikiwa tupu.

Lilipokuja mara ya kwanza, watu walipanga foleni mpaka barabarani. Na wa kwanza kabisa kwenye foleni ile nilikuwa mimi, msimulizi wenu, kifua mbele...

"Nani?" Mke wa Spana, niliyekuwa nikimsomea haya, aliacha kushona. "Wewe? Siku ile si ulijificha nyuma ya lori? Nilikuona kofia!"

"Nilikuwa naangalia tairi."

"Lori halikuwa na tairi!"

Spana akacheka, mdogo wake akacheka, na mtaalamu, aliyekuja tena kulalamikia gari lake, akanishika mkono hapo hapo, akanivuta mpaka kwenye gari la damu lililokuwa getini siku hiyo. Nilijitetea kwa uzee. Akaniuliza umri, akasema bado naruhusiwa. Nilijitetea kwa presha. Akanipima, ikawa nzuri kuliko yake.

Basi nikalazwa, nikafumba macho, nikatoa. Nilipofumbua, mfuko ulikuwa umejaa, nami nikashangaa kuliko wote: damu yangu ni kundi B, nyekundu kabisa, huwezi kuitofautisha na ya mtu msema kweli.