Alichokisema Adela Kwenye Mkongo

Adela, jirani yetu wa Milanzi, hapa Sumbawanga mjini, hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mtandao katika ofisi ya serikali inayotunza mkongo, ule waya mwembamba wa kioo unaofukiwa kando ya barabara na kubeba simu na intaneti za mkoa. Waya ukikatika, alichomeka kifaa kinachorusha mwanga ndani yake. Mwanga ukikuta hitilafu hurudi, na kifaa kinaonyesha ni wapi. Yeye anasoma, fundi anakwenda kufukua. Habari za uchawi wa Sumbawanga aliwaachia wageni wanaoshuka stendi na mabegi mazito na hofu nzito zaidi.

Asubuhi moja ya baridi mkongo ulikatika karibu na Mwazye. Abeli, fundi wake wa siku zote, akaenda na vibarua. Baadaye akapiga simu ya mkononi. Ndani ya mtaro wamekuta chungu kilichofungwa kaniki, na vibarua wamegoma kuchimba.

"Wanasema kisiguswe, dada. Tukizunguke."

"Kisogezeni pembeni, Abeli. Zahanati za huko hazina mawasiliano, halafu nyie mnabishana na chungu?"

Abeli akaguna, akakata.

Mafundi wa mkongo wana simu yao nyingine, inayobanwa kwenye waya wenyewe. Sauti hupita ndani ya kioo. Aliye ofisini hutakiwa kuongea lolote lile, mradi asinyamaze, ili aliye mtaroni ajue waya upi ameushika. Haikupita muda simu hiyo ikalia.

"Ongea, dada," Abeli alinong'ona. "Niusikie waya."

Adela akaongea, kama alivyozoea. Alisema binti yake amelala vibaya, fizi zinamsumbua. Alisema nyumba ina upepo, kwa vile iko nyuma ya mashine ya kusaga. Alisema bibi wa mtoto yuko Ilemba na anataka aletewe mjukuu.

"Mtoto anaitwa nani vile?"

"Abeli nawe! Umemsahau Mariana?"

Simu ya mkononi ikaita mezani. Kwenye kioo chake kulikuwa na jina la Abeli. Akaipokea kwa sikio la pili, akicheka.

"Samahani, dada, tumechelewa. Hicho chungu kimetutoa jasho. Simu ya waya bado iko garini, ndiyo naifuata."

Kicheko kikamkauka. Katika sikio la kwanza mtu alikuwa anapumua taratibu.

"Endelea," sauti ile ilisema. "Mlango wenu una rangi gani?"

Akaitupa simu chini.

Abeli aliunga waya siku ile, lakini kesho yake hitilafu ilirudi, na safari hii kifaa kilionyesha Matai, karibu zaidi na mji. Wakafukua Matai. Waya ulikuwa mzima. Walipofukia, hitilafu ikawa mbele zaidi, upande wa mjini. Wakafukua tena. Mzima tena. Mafundi wakalaumu kifaa, wakaleta kingine, nacho kikasema vilevile. Adela alijua. Hitilafu ilikuwa inatembea. Ilikuwa inakuja kwake.

Alimweleza mume wake, Jastin, wote wawili wamesimama jikoni, mtoto akiwa mgongoni.

"Tumpeleke Ilemba kwa bibi yake," Jastin alisema.

"Bibi nilimtaja."

"Ulitaja nini kingine?"

Adela akaanza kulia. Alikuwa ametaja kila kitu.

Abeli naye alirudi Mwazye kukirudisha chungu mahali pake. Pale pembeni walipokiweka palikuwa na kaniki tupu, chungu hakipo.

Siku kifaa kiliposoma Milanzi, jua lilikuwa limewaka na mashine ya kusaga inanguruma. Adela alikuwa ofisini. Jastin alikuwa nyumbani, amemkumbatia mtoto kifuani. Akampigia mkewe simu.

"Mke wangu. Mtoto amekuwa wa baridi."

"Mfunike!"

"Nimemfunika. Anaangalia mlango. Anacheka na mtu."

"Nani?"

"Hakuna mtu."

Adela aliinyakua simu ya waya. Hakusubiri kuitwa.

"Mwache mtoto," alisema. "Unataka kuongeleshwa. Nitakuongelesha mimi. Nitaongea mpaka utosheke. Mwache."

Ikaja ile pumzi.

"Ongea."

Akaongea. Wenzake waliingia wakamkuta anaongea, macho yamekazwa ukutani. Sauti ikawa ndogo. Ikakwaruza. Ikaisha. Midomo ikaendelea.

Kifaa kikasoma kwamba mkongo ni mzima, mwanzo hadi mwisho. Kule Milanzi, Mariana akapata joto na kulia kwa njaa, na Jastin akalia pamoja naye.

Tangu siku ile Adela hajatoa neno. Madaktari wa mkoa walimchungulia koo, wakasema koo ni zima. Ananyonyesha, anapika, anacheka hata, lakini bila sauti. Sisi majirani tulimpa pole tukazoea.

Mwezi uliopita Abeli alikuwa Mwazye kwa kazi nyingine, akabana simu yake kwenye waya ule. Ofisini hakukuwa na mtu upande wa pili. Akamsikia Adela. Sauti yake ileile, ya uchovu, ikiongea bila kupumzika. Abeli alidhani ni maneno ya zamani yaliyobaki humo, mpaka aliposikia, "Leo Mariana ameota jino. La chini, kushoto. Baba yake hajaliona."

Akampigia Jastin, akamweleza. Jastin akamweka mtoto pajani, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole. Jino lilikuwepo, jeupe, linaanza tu kuchomoza.

"Bado anaongea?" Jastin alinong'ona.

"Bado," Abeli akajibu. "Anasema umemshika mtoto."

Jastin akageuka. Adela alikuwa nyuma yake, anachambua maharage, macho kwenye ungo, na midomo yake inacheza polepole.