Tumefika, Baba Kusum

Jua lilikuwa limeshainama pale kuhani Damodar alipomkabidhi Ramrati konzi ya mwisho ya unga wa shayiri. Akaurusha juu, upepo wa mlima Pretshila ukauchukua, na kazi iliyomleta Gaya, mji wa matambiko ya wafu, peke yake, safari ya siku mbili, ikawa imekwisha. Mumewe, aliyetumbukia kisimani kabla ya siku zake, alikuwa amefunguliwa aende zake.

"Teremka sasa, mama," kuhani akasema, akikusanya vyombo vyake harakaharaka. "Usigeuke nyuma. Usimwite mtu. Giza lisitukute hapa."

"Kwani kuna nini, baba?"

"Kuna wanaongoja kuitwa."

Ramrati hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aliteremka ngazi zile, mamia kwa mamia, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu. Magoti yalimuuma, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Miezi minane nyumbani kwao hapakulalika. Ndoo zilianguka zenyewe, harufu ya tope la kisimani ilijaa chumbani, na binti yake wa pekee, Kusum, alikataa chakula mpaka akabaki mifupa mitupu. Shemeji zake walimcheka. "Mwanamke aende Gaya peke yake? Utapotelea chooni humohumo kwenye treni!" Basi akaenda peke yake, akiwa na nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, na ndani ya nazi ile, roho ya mumewe.

Alimsafirisha inavyotakiwa. Alimkatia tiketi yake, akaiweka nazi kwenye kiti chake, na abiria waliotaka kukikalia aliwafokea. Kila mto, kila kizingiti, kila kituo alimwambia, maana marehemu asipoambiwa huachwa njiani. "Baba Kusum, tunavuka daraja." "Baba Kusum, tunabadilisha treni, shuka." Jina lake hakulitamka, mke gani wa kwao humtaja mumewe kwa jina? Siku mbili mfululizo alisema hivyo, mpaka ulimi ukazoea. Nazi yenyewe aliiacha kule juu.

Chini ya mlima akapanda bajaji, abiria peke yake. Usingizi ukamnyemelea. Aliwaza Kusum atakula nini kwanza, na kama nywele zake zitaota tena pale zilipopukutika. Bajaji ikasimama mbele ya stesheni.

"Baba Kusum, tumefika," akasema, akijitanda mtandio vizuri. "Shuka."

Neno lilimtoka kabla hajajua.

Dereva akageuka. Akamtazama yeye, halafu nafasi iliyokuwa pembeni yake. "Mama… umetoka mlimani?"

Ramrati akaziba mdomo kwa kiganja.

Kiti kando yake kikatoa mlio. Kisha kikainuka taratibu, kama vile mtu mzito ameteremka.

Dereva hakungoja nauli.

Ramrati akaenda kuketi kwenye benchi la jukwaani. Labda ni yeye, akajifariji. Labda hajaondoka bado, maskini, mazoea tu. Akavuta pumzi kutafuta harufu ya kisima. Ile angeivumilia.

Haikuwa ile.

Mafuta ya taa… na nywele zilizoungua.

Kisha kikohozi. Kikavu, cha mtu aliyemeza moshi. Mumewe hakuwahi kukohoa hivyo.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

Muuza chai akapita, akaizunguka ile nafasi tupu kando yake, wala hakujua anakwepa nini.

"Kusum hajambo?"

Sauti ya mwanamume. Sikioni kabisa.

Ramrati akampigia kuhani, vidole vikikosea namba mara mbili.

"Mlimani nilinyamaza, baba, naapa. Ni hapa stesheni. Ulimi tu umeteleza."

"Umemwitaje?"

"Baba Kusum."

Kuhani akaguna. "Mama wewe… Umempa na mtoto."

"Basi mtoe! Kesho nitarudi, nitamtolea donge lake la wali wa tambiko, kama la mume wangu."

"Donge hutolewa kwa jina. Jina lake na la ukoo wake. Anaitwa nani?"

Ramrati akainamia ile nafasi tupu. Akauliza kwa upole, akauliza kwa kubembeleza, akauliza huku akilia. Mara zote tatu alijibiwa na kikohozi.

"Hasemi, baba."

"Hatasema. Ameshapata kwao, aseme ili atolewe?"

"Na nikipanda kimyakimya? Nisipomwambia, si ataachwa?"

"Wako alihitaji kuonyeshwa njia. Huyu njia yake ni wewe. Utakapoingia, naye ataingia." Kuhani akashusha sauti. "Usimpeleke kwa mtoto, mama. Ukinisikia neno moja, sikia hilo."

Simu ikakatika. Papo hapo ikalia.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Kusum, na ilikuwa na nguvu, nguvu ambayo Ramrati alikuwa ameisahau. "Nimekula! Chapati mbili na dengu, na njaa bado inauma! Tangu jioni nyumba imetulia. Ile harufu imeisha kabisa. Baba ameenda, eti?"

"Ameenda, mwanangu."

"Uje basi, nimechoka kukungoja. Shangazi anapika wali mbovu kweli! Treni imefika?"

Ilikuwa inaingia. Taa zake zikafagia jukwaa lote, watu wakanyanyuka na mizigo yao. Ramrati alimtamani mtoto wake mpaka kifua kikauma. Alitamani kuona tu anavyotafuna.

"Imejaa," akasema.

"Si una tiketi?"

"Imejaa, Kusum."

"Basi ya kesho."

"Ya kesho nayo imejaa."

"Mama, unalia?"

"Kula, mama yangu. Ule kila siku, umesikia? Hata wali wa shangazi."

Akazima simu kabla sauti haijamsaliti. Abiria wakapanda. Milango ikabamizwa, behewa moja baada ya jingine, hadi jukwaani akabaki yeye na lile benchi. Filimbi ikalia.

Harufu ya mafuta ya taa ikasogea, na ile sauti ikauliza, kwa upole kama wa mzazi yeyote:

"Mama Kusum… mbona hatupandi?"