Mwenye Jina Amethibitisha

Kasoro ilikuwa kwenye mstari wa kumi na saba.

Sista alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, saa tisa mchana ya siku yake ya mapumziko, kompyuta ya mumewe mbele yake, akisoma orodha ya kila kitu ambacho mtandao ulikuwa unakijua kumhusu. Namba ya simu, mara mbili. Mtaa na namba ya nyumba. Picha ya mahafali ya uuguzi, kofia imemwangukia sikioni. Malalamiko aliyowahi kuyaandika kuhusu sufuria iliyokatika mpini wiki ya kwanza. Hapo akacheka kidogo. Kisha akafika mstari wa kumi na saba, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Kovu nyuma ya goti la kulia. Ulimwambia mama ni chai. Haikuwa chai.

Alikuwa na miaka sita siku alipoichezea pasi aliyokatazwa kuigusa, ikamuunguza. Kwa kuogopa kipigo alimwaga chai sakafuni, akakaa juu yake, akalia. Hakuwahi kumwambia mtu ukweli wa siku ile, hata mumewe, achilia mbali kuuandika mahali. Akajiambia labda aliwahi kuropoka kwa rafiki akasahau. Alitaka sana kuamini hivyo, akaamini.

Haja ya kujifuta mtandaoni alikuwa nayo kweli. Wiki tatu nyuma, baba mmoja aliyefiwa na mtoto aliweka picha yake mtandaoni, pamoja na namba ya simu na mtaa anaokaa, akaandika kwamba huyu ndiye muuguzi aliyemwacha mwanawe afe mlangoni. Mtoto yule aliletwa zahanati akiwa ameshapoa. Sista alimbonyeza kifua mpaka mikono ikafa ganzi, na wenzake ndio waliomshika wakamwondoa. Hakumchukia yule baba. Alijua uchungu wa namna ile lazima umwangukie mtu. Lakini simu zilianza kuingia kutoka kwa watu asiowajua, wakimtukana yeye na kizazi chake, na asubuhi moja mtu alimtumia picha ya geti lao, imepigwa karibu kiasi cha kuonekana kandambili za mama yake barazani.

Mfamasia wa zahanati ndiye aliyemshauri.

"Kuna programu za kusafisha taarifa zako mtandaoni, Sista," alimwambia dirishani kwake. "Unajaza jina, inakutafuta kila kona, halafu inawaandikia wenye tovuti wakufute. Zijaribu, utaona ipi inakufaa." Akamwandikia majina ya programu hizo nyuma ya kiboksi cha dawa.

Ya kwanza ilitumia nusu saa ikagundua namba yake ya simu, ambayo hata yeye alikuwa anaijua. Ya pili ilimtaka athibitishe kuwa yeye si mashine kwa kuchagua picha za madaraja, akachagua mpaka akachoka. Ya tatu ilikuwa ukurasa mweupe mtupu. Haikuwa na nembo wala jina la kampuni. Iliuliza mambo matatu: jina lako kamili, jina la mama yako, na chumba unacholala kiko upande gani wa nyumba. Alidhani ni yale maswali ya usalama yanayoulizwa kila mahali siku hizi. Akajaza. Ikamletea ile orodha, na chini ya orodha kitufe kimoja: Ondoa yote.

Akakibofya.

Kesho yake simu zilinyamaza. Picha ilikuwa haipo tena, wala maneno ya yule baba. Sista alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na mumewe, fundi wa majokofu, mtu asiyesifu kitu bila kukifungua kwanza akaona ndani, alikiri kuwa hiyo sasa ni kazi. Jumatano Sista alisimama dirishani kwa mfamasia kumshukuru.

"Ile ya tatu ndiyo kiboko," alisema.

"Ya tatu ipi?" Mfamasia alikichukua kile kiboksi cha dawa mkononi mwa Sista, akakigeuza. "Mimi niliandika mbili."

Mstari wa tatu ulikuwepo, chini ya miwili ya mfamasia. Mwandiko wake wote wawili waliujua. Ndio ulioandika majina ya watoto kwenye kadi za chanjo kila siku. Ulikuwa mwandiko wa Sista.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka. Si harufu kali. Ni kama nywele mbichi zilizosogezwa karibu na moto. Mama yake alifungua madirisha, akafua mapazia, akamwaga maji ya maua yaliyokaa siku mbili tu. Harufu haikutoka. Alhamisi mumewe alirudi kula chakula cha mchana, akapitiliza jikoni kunawa, akamkuta mkewe anamenya viazi. Akasimama na mikono inayotiririka maji.

"Umetokaje chumbani?"

"Sijaingia chumbani."

"Si umeniitikia huko sasa hivi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimekuita mlangoni, ukasema, nakuja, ngoja nimalize kuandika."

Kutoka chumbani, mchana wa saa saba, jua limejaa mpaka chini ya meza, ukasikika mlio wa vidole vinavyobofya herufi za kompyuta, haraka haraka, kama karani aliyechelewa. Kompyuta yenyewe ilikuwa mezani hapo mbele yao, imefungwa. Mume akaenda akafungua mlango wa chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kwenye upande anaolala Sista palikuwa na bonde la mtu aliyekaa, na lilikuwa bado linainuka polepole.

Siku iliyofuata fundi alitoa betri ya kompyuta, akaifungia kwenye boksi lake la spana. "Kila kitimbwi kina waya wake," alisema, ila hakumwangalia mkewe usoni. Haikusaidia kitu, kwa sababu ujumbe ulikuwa sasa unaingia kwenye simu. Picha: imeondolewa. Anuani: imeondolewa. Kisha yakafuata ambayo hayakuwahi kuwa mtandaoni. Wimbo wa bibi: umeondolewa. Harufu ya sare ya shule: imeondolewa. Kovu: limeondolewa. Sista alipitisha kidole nyuma ya goti la kulia, akakuta ngozi laini kama ya mtoto mchanga, na jambo lililomtisha zaidi ni kwamba hakuweza kukumbuka alikuwa anatafuta nini pale.

Kazini mlinzi alimwomba ajiandikishe kwenye daftari la wageni. Alimcheka, akidhani anataniwa. Mlinzi hakucheka. Sista alishika kalamu, na pale penye nafasi ya jina mkono ukagoma, ukabaki umening'inia juu ya karatasi, watu watano nyuma yake wakisubiri.

Alikimbilia chooni, akafungua ule ukurasa kwenye simu, akatafuta pa kusimamisha mambo, akakuta neno moja dogo chini kabisa ambalo angeapa halikuwepo mwanzo, Sitisha, akalibofya, akalibofya tena, akiwa ameegemea ukuta wa vigae huku ile harufu ya nywele ikipanda kutoka kwenye tundu la maji, na ukurasa ukamjibu kwa upole kwamba ombi lake limepokelewa na limepelekwa kwa mwenye jina ili athibitishe, naye akasubiri, mkono mdomoni, akisikiliza vile vidole vinavyobofya, mara hii nyuma ya mlango wa choo cha pili ambacho alikiona kitupu alipoingia, mpaka vikanyamaza, na maneno mapya yakatokea kwenye kioo cha simu.

Mwenye jina amethibitisha. Tunaendelea.

Mama yake ndiye aliyesema basi, twende kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mwanamke aliyestaafu kufundisha darasa la kwanza, sasa anatibu watu wenye majini, na aliongea na majini vile vile alivyoongea na watoto wa darasa la kwanza: polepole, kwa majina, bila kupandisha sauti. Aliwataka waache simu zao kwenye beseni nje ya mlango. Ndani mlikuwa na mkeka, viti vitatu vya plastiki na saa ya ukutani.

"Siwezi kumtoa nisiyemjua jina," alieleza. "Nitasoma, atapanda, nitamuuliza jina lake. Akilitaja, amekwisha. Msimguse mtu, msilie."

Akaanza kusoma. Sista alihisi kitu kinakaa kando yake ndani ya kifua chake mwenyewe, kama mtu anayejibanza kwenye benchi lililojaa, kisha kikamsukuma. Mdomo wake ukafunguka kabla hajaufungua.

"Niko hapa, Mwalimu," ilisema sauti yake, imechoka, inatetemeka. "Nisaidie. Kuna kitu kimenikalia."

"Jina lako nani?"

Sauti ikalitaja. Jina kamili, la ubini likafuata, na la mama mzazi, bila kujikwaa.

"Vizuri. Na wewe mwingine? Jina lako nani?"

Akaachiwa mdomo. Alilitafuta jina kwa nguvu zake zote. Alikuwa amelisikia sasa hivi, sekunde kumi hazijapita, na tayari mahali pake palikuwa peupe kama ule ukurasa.

"Mimi," alisema. "Mimi muuguzi."

"Nimekuuliza jina, sikukuuliza kazi."

"Mama," aliomba. "Mama, waambie."

Mama yake alikuwa amejikunja kwenye kiti, kanga imebanwa mdomoni. "Mwanangu aseme jambo la kwetu wawili," alinong'ona. "Nitamjua."

Mdomo ukachukuliwa tena. "Ile siku haikuwa chai, mama," sauti ilisema. "Nilichezea pasi. Niliogopa ungenipiga. Nimekaa nalo miaka yote hii."

Mama alifumba macho na machozi yakamshuka. "Ni yeye," alisema. "Huyo ndiye mwanangu."

Mume alinyanyuka nusu. Alitazama mikono ya mkewe, iliyokuwa imelala mapajani, kidole kimoja kikigonga gonga goti, haraka haraka. "Mwalimu, tungoje kidogo," alisema.

"Umesikia kwa masikio yako. Mmoja ana jina, mwingine hana."

Mume akakaa.

"Wewe usiye na jina," Mwalimu alisema, kwa upole ule ule, "toka kwenye mwili wa watu."

Hakukuwa na maumivu. Alijikuta nje, penye beseni la simu, hana uzito, na ile harufu ya nywele ilikuwa inatoka kwake. Mlango ulifunguliwa, wakatoka watatu. Mama alikuwa ameushika mwili wake kiunoni, akiuambia tutapika leo kitu kizuri. Mume alitoka wa mwisho. Aligeuka akatazama uani kote, akapita alipokuwa amesimama bila macho yake kutulia, akawafuata wenzake.

Jumatatu ule mwili ulienda kazini, na yeye akaenda nyuma yake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mlinzi aliusalimia kwa furaha. Mfamasia aliupungia mkono. Ulivaa sare, ukakaa kwenye kiti, ukaanza kuita wagonjwa mmoja mmoja, na mwandiko wake kwenye kadi ulikuwa ule ule mzuri.

Wa nne alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa kike wa miezi minane hivi, amefunikwa blanketi. Matundu ya pua ya mtoto yalikuwa yanapanuka kila akivuta pumzi. Yeye asiye na mwili alisogea karibu akatazama chini ya blanketi: mbavu zilikuwa zinadidimia ndani. Alihesabu pumzi kwa saa ya ukutani kama alivyofundishwa, dakika nzima, na zilikuwa sitini na nane. Mtoto wa namna hii hupewa hewa papo hapo, halafu hupakiwa kwenye gari la wagonjwa.

"Ni mafua tu, mama," ilisema sauti yake. "Mpe maji mengi. Nendeni nyumbani."

Blanketi halikufunuliwa. Aliinama sikioni kwa yule mama akamwambia asiondoke, akamwambia afunue kifua, akapiga kelele mpaka akahisi anachanika. Yule mama alipunga mkono sikioni kama anayefukuza mbu. Akashukuru, akasimama, akampandisha mtoto begani, akatoka naye jua linawaka. Mtoto alikuwa anamtazama yeye moja kwa moja, macho hayapepesi, mpaka walipokata kona ya ukuta.

"Anayefuata," ilisema sauti iliyokuwa yake.