Mgeni Kwenye Wi-Fi ya Mzee Nyamai

"Mvua inakuja Njiru. Anika nguo ndani."

Simu ikakatika.

Rufaida aliweka kikombe chini, akalipa, akatoka kwenye mkahawa wa Eastleigh bila kuaga. Hakukuwa na mtu wa kuaga. Miaka yote aliyofanya kazi katika Idara ya Ujasusi, alikuwa amekula peke yake, akipewa meza ya karibu na mlango.

Katika lugha ya Idara, mvua ilikuwa silaha za magendo. Kuanika nguo ndani ni kuingia nyumbani kwa mshukiwa kabla kikosi hakijavunja mlango.

Akawasha gari lake, Probox ya kijivu. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa chini ya koti. Alipoingia barabara ya Kangundo, redio ikakoroma.

"Mshukiwa anaitwa Nyamai," alisema Kiema, mkuu wake. "Dereva mstaafu wa serikali. Anaishi peke yake huko Njiru. Ujumbe wote wa genge unatoka kwenye intaneti ya nyumbani kwake."

"Na silaha?"

"Ziko ndani ya lori. Limeshapita Tala. Dereva anangoja ujumbe wa mwisho, aambiwe ashushe wapi."

"Una uhakika ni huyo mzee?"

"Kompyuta zetu zinasema ni yeye."

"Zinasema ni nyumba yake, Mkuu. Hazisemi ni nani."

Redio ikakoroma tena.

"Kikosi kiko nje ya jengo na bunduki. Nakupa mpaka lori lifike Ruai. Baada ya hapo wanaingia."

Rufaida akakanyaga mafuta.

Mzee Nyamai alikuwa amelalamika kwa kampuni yake ya intaneti mara nyingi, na hakuna aliyekuja. Kwa hiyo alipofungua mlango na kumkuta mwanamke aliyevaa koti la fundi, uso wake uling'aa.

"Karibu, karibu binti yangu! Nimepiga simu mpaka ile sauti ya mashine ikanizoea."

Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kana kwamba alikuwa na safari. Sebuleni kulikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma. Kimoja kilikuwa kimebonyea. Kingine kilikuwa kama kipya. Ukutani mwanamke alitabasamu ndani ya fremu.

"Shida ni nini, Mzee?"

"Wi-Fi inasema imeshika. Vile vialama vyote vimejaa. Lakini nikifungua barua pepe, inanipeleka kwingine. Kamari! Wasichana! Na mimi ni mzee wa kanisa."

Rufaida akaketi mbele ya kompyuta.

"Barua unamwandikia nani?"

"Binti yangu, Mbinya. Ni muuguzi huko Scotland. Alikuwa akiniandikia kila Jumapili, halafu akanyamaza." Mzee akatazama mikono yake. "Simu yangu nayo iliibiwa, nikapata namba mpya asiyoijua, na yake ikapotea. Labda amenichoka."

Rufaida alimwomba aandike jina lake kwenye kivinjari. Mzee aliitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akainama, akaipata, akafurahi.

Huyu hakuwa mkuu wa genge. Lakini Kiema hangekubali vidole kuwa ushahidi.

Akaanza kazi.

Akakagua kwanza tarehe ya kompyuta, maana ikikosewa kurasa hukataa kufunguka; ilikuwa sawa. Ndani ya kivinjari alikuta programu ndogo isiyojulikana. Akaing'oa. Akafuta kumbukumbu zote za kurasa za zamani. Akafungua barua pepe tena.

Kamari.

Basi ugonjwa haukuwa ndani ya kompyuta. Akageukia kisanduku cha Wi-Fi kilichokuwa kikimemeta juu ya kabati. Akajaribu kuingia kwenye mipangilio yake. Neno la siri lilikataa. Mtu alikuwa amelibadilisha.

Hapo akaelewa. Kampuni ya intaneti hutuma onyo kwa barua pepe ikiona laini inatumiwa vibaya. Mtu fulani hakutaka Mzee alione onyo hilo, akaziba barua zote. Za Mbinya zikazibwa pamoja nalo.

"Mzee, nani alikufungia kisanduku hiki?"

"Javan, jirani yangu wa juu. Mtu mwema sana. Huja tunakunywa chai pamoja. Tangu mke wangu anitoke, ni yeye tu anayebisha mlango huu."

Rufaida akatoa kwenye mkoba kifaa kama kalamu nene. Ncha yake ilinusa mawimbi. Kioo kidogo kikaonyesha vifaa viwili vilivyoshika Wi-Fi ile. Kompyuta ya Mzee, na simu isiyo na jina.

Akaielekeza ncha mlangoni. Mawimbi yakafifia. Akaielekeza dirishani. Yakafifia zaidi.

Akaielekeza darini.

Mawimbi yakapanda mpaka mwisho.

Alienda jikoni, akafungulia maji ya mfereji yaifunike sauti yake, akanong'ona kwenye redio.

"Mkuu, si Mzee. Ni nyumba ya juu yake. Jina Javan. Lazima anatumia simu isiyo na laini, ndiyo maana hafuatiliki. Bila Wi-Fi hii hawezi kutuma chochote."

"Lori liko Kamulu. Tuvunje mlango wake?"

"Hapana. Akisikia kishindo ataipasua simu, na hatutajua mzigo unaenda wapi. Naitaka simu hiyo ikiwa wazi."

"Utaipataje?"

"Ataileta mwenyewe."

Akarudi sebuleni, akachomeka pini kwenye kitundu cha kufuta mipangilio nyuma ya kisanduku, akabana, kisha akachomoa waya wa umeme. Taa zote zikazimika.

"Ndiyo unaitengeneza?" Mzee akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Tungoje kidogo."

Wakangoja.

Darini nyayo zikavuka chumba. Zikarudi. Zikasimama. Kisha mlango wa juu ukafunguka.

Hodi.

"Mzee wangu, niaje! Net imepotea ama?"

Javan alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye sura ya upole. Mkononi alishika simu, kioo kikiwaka. Akamwona Rufaida.

"Huyu ni nani?"

"Fundi! Hatimaye wamekuja," Mzee alisema kwa furaha.

"Si mimi hukutengenezea, Mzee?" Javan akamgeukia Rufaida. Upole ulikuwa umeondoka. "Siste, washa hiyo kitu. Sasa hivi."

"Tumia bando la simu yako, kaka. Ama haina laini?"

Mkono wa Javan ukazama kiunoni.

Rufaida alikuwa ameshafika. Akaukunja mkono ule kabla haujatoka wote. Bastola ikaanguka zuliani. Goti likaingia tumboni. Javan akabwagwa kifudifudi juu ya meza, na mdomo baridi wa Glock ukamgusa kisogo.

"Usipumue sana."

Simu ilikuwa sakafuni, bado wazi. Ujumbe ulikuwa umeshaandikwa. Kando yake duara dogo lilizunguka na kuzunguka, likitafuta Wi-Fi isiyokuwepo.

Rufaida akausoma redioni.

"Kariobangi. Karakana ya geti la bluu, nyuma ya soko. Simamisheni lori."

Mzee Nyamai alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ikining'inia.

"Javan? Nilipougua uliniletea uji."

"Hilo halikuwa sehemu ya kazi, Mzee," Javan alisema, shavu lake likiwa juu ya kitambaa. "Nilikuletea tu."

"Na barua za mtoto wangu?"

Javan akafumba macho.

Wanaume wawili wa kikosi waliovaa nguo za kiraia wakaingia, wakamchukua. Baadaye kidogo redio ikasema: "Lori tumelipata Ruai. Karakana pia. Mvua imekatika."

Kazi ilikuwa imekwisha. Rufaida angeweza kwenda.

Akaketi tena mbele ya kompyuta. Akawasha kisanduku, akakipa neno la siri jipya, akamfundisha Mzee kuliandika. Akafungua barua pepe.

Haikumpeleka kwingine.

Barua zikateremka. Mbinya. Mbinya. Mbinya. Mzee akaisoma ya karibuni kwa sauti, neno moja moja.

"Baba, mbona hunijibu? Nimekukosea nini?"

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kaa nikupikie chai, binti yangu," akasema.

Rufaida akakitazama kile kiti kisichobonyea. Alitamani kukaa. Alitamani kuliko alivyotarajia.

"Nina wateja wengine, Mzee. Bonyeza hapo penye kamera. Mpigie."

Akafunga mlango taratibu, akashuka ngazi chache, akasimama. Kupitia mlango alisikia mlio wa kuita, mrefu, ukirudia.

"Mbinya? Unaniona? Ni mimi!"

Halafu sauti ya mwanamke, ikikatika kwa mbali. "Baba! Baba, umekonda!"

Rufaida akavaa miwani ya jua. Uani wanawake walikuwa wakianua nguo, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Akaingia kwenye Probox, akateremsha kioo, akaendesha polepole kuelekea mjini, redio ikiwa imezimwa.