Ruhusu au Zuia

"Antivirusi ya bure? Dada yangu, hapa ni dukani, hatugawi sadaka."

Watu waliojipanga kwenye kaunta wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi mchana, jengo la maduka ya kompyuta limefurika, kila duka limefungulia muziki wake, na yeye amesimama katikati ya kelele zile na gauni lake la bluu la mikono mirefu, mkoba kaubana kwapani, uso unamwaka kwa aibu. Majirani walimwita Bi Kadi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za harusi, nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani iliyokaa sebuleni karibu na dirisha. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomlisha. Ndiyo iliyomliza pia, tutafika huko.

"Ya bure ipo," sauti ikasema nyuma yake. "Tena nzuri kuliko hizo anazokuuzia."

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la mistari kakunja mikono, bisibisi kaichomeka mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Na wewe nani?"

"Fundi wa ghorofa ya tatu. Wananiita Kufuli."

"Kufuli! Kwa nini, mgumu kufunguka?"

"Kwa sababu nawafungia wezi kompyuta za watu." Akajikuna kisogo. "Ila hilo lako nalo lina ukweli."

Wakapanda mpaka kwenye benchi lake, kati ya mafeni yaliyofunguliwa na nyaya zilizosokotana. Akampangusia kiti kwa pindo la shati.

"Kwanza, usichague kwa woga," alianza. "Kile kidirisha chekundu kinachokurukia kwenye skrini, eti una virusi arobaini, bofya hapa upone, usikiguse. Hicho chenyewe ndicho ugonjwa. Pili, antivirusi ya bure ipakue kwa wenyewe walioitengeneza. Na ukiiweka, soma kila ukurasa, usibofye 'endelea, endelea' kama unafukuzwa. Hizi za bure hupenda kukubebesha na mizigo usiyoiomba."

"Dada yangu ameniambia niweke mbili. Moja ikilala, nyingine iwe macho."

"Wee! Zitaonana wezi zenyewe kwa zenyewe, kompyuta igeuke uwanja wa ngumi. Moja tu, mama."

Bi Kadi akacheka mpaka mafundi wa benchi la pili wakageuka. Hakukumbuka lini alicheka vile mara ya mwisho.

"Na ule ukuta wa moto?"

"Unao tayari humo ndani, wengi wameuzima bila kujua. Tutauwasha. Kazi yake ni moja, programu yoyote ikitaka kutuma kitu nje, unakuuliza wewe mwenye nyumba. Ruhusu au zuia. Usiyoijua, zuia."

"Hata ikiwa yako?"

"Hata ikiwa yangu. Na hili likariri: mtu akikuambia 'zima ulinzi kidogo ufungue faili hili', huyo ni mwizi. Hata awe na sauti tamu vipi."

"Kama yako?"

Lilimponyoka. Akatamani sakafu ya ghorofa ya tatu ipasuke. Kufuli akainamisha kichwa, akashika bisibisi isiyokuwa na kazi, kisha akauliza polepole, "Kwani uliibiwa nini?"

Bi Kadi hakuwa na desturi ya kuwamwagia wageni siri zake. Sijui nini kilimpata siku ile. Akamweleza habari za mpenzi wake wa zamani, jinsi alivyomwekea kitu kwenye kompyuta akawa anasoma kila neno aliloandika. Asubuhi anamwandikia dada yake, mchana yule bwana anamrudishia maneno yale yale mezani, huku anatafuna. "Nilikuwa naogopa hata kufikiri," alisema. "Nataka nyumba ambayo hakuna anayenichungulia. Basi."

Kufuli hakutia utani. "Tutaifunga vizuri," alisema.

Akaja, akaifunga. Akarudi kuangalia kama imekaa sawa. Akarudi tena kuangalia kama alipoangalia aliangalia vizuri. Dada mtu, muuguzi mwenye ulimi wa sindano, akasema, "Huyu fundi wako au mpangaji?" Na kila jioni jua likiwa bado dirishani, kibandiko cha kijani kilichomoza kwenye kona ya skrini: *Kompyuta yako iko salama. Hakuna tishio lililopatikana.* Hapo hapo simu nayo inalia.

"Malkia wa kadi, umeona kijani?"

"Nimeona, laazizi."

"Basi na mimi niko salama."

"Utani wako huu, siku moja utakukwama kooni."

"Ukinikwama nitakunywa maji."

Jamani, walipendana. Mapenzi ya viazi vya kukaanga kwenye karatasi moja, ya kugombania feni, ya mmoja kulala kwenye kochi huku mwenzake anapanga maua ya kadi ya harusi ya mtu. Kasoro ya Kufuli ilikuwa moja. Domo zege. Utani alikuwa nao tele, lakini neno zito likifika mdomoni, linaganda. Alipotaka kumwambia anampenda, alianza na habari za mvua.

Ikafika Jumapili ile. Kufuli alikuja, eti kuisafisha kompyuta vumbi, lakini kavaa shati jeupe jipya, alama za kukunjwa za dukani bado zinaonekana kifuani. Vumbi gani hilo la kuvaliwa shati jeupe? Bi Kadi alimcheka, akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi, fundi kasimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Natoka kidogo. Kaa kwenye kompyuta, nimekuachia kitu. Kifungue."

Akashuka ngazi mbio kama mtoto aliyevunja glasi.

Bi Kadi akaketi. Kwenye skrini palikuwa na faili jipya, jina lake *Nifungue*. Akabofya. Skrini ikawaka nyekundu.

*Tishio limepatikana. Programu ya upelelezi. Inajaribu kutuma taarifa nje. Imefungiwa karantini.*

Vikombe vya chai vikapoa hapo. Dada mtu akatoka chumbani, akasoma juu ya bega lake mara mbili. "Upelelezi," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu, yasiwe yale yale. Usiniambie ni yale yale."

Bi Kadi akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijalia sawasawa.

"Mpenzi! Umekiona?"

"Umeniwekea nini kwenye kompyuta yangu?"

"Kwani hujafungua?"

"Antivirusi imekifungia. Inasema ni upelelezi, kinatuma taarifa nje. Zinakwenda wapi, Kufuli? Kwako?"

"Ndiyo, zinakuja kwangu, lakini... aah! Nimekitengeneza mwenyewe, ndiyo maana hakitambuliki. Si kitu. Sikiliza, bofya pale chini, zima ulinzi dakika moja, halafu ufungue. Utafurahi, nakuapia."

Bi Kadi akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Hebu rudia."

Upande wa pili Kufuli akakohoa.

"Rudia, Kufuli. Nizime nini?"

"Bi Kadi..."

"Mtu akikuambia zima ulinzi ufungue faili, ulinifundisha huyo ni nani?"

"Ni mwizi," alijibu. "Lakini huyu ni mimi."

"Hata yule wa zamani alikuwa 'ni mimi'. Haya, niambie kwa mdomo. Ni kitu gani hicho?"

Hapo ndipo roho za watu wawili zilining'inia. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini domo zege, tena sasa lina donge juu yake.

"Nikikwambia sasa hivi," alisema mwishowe, "utaona nimekitunga ili nijitetee. Sitaki kulisema neno hilo nikiwa mtuhumiwa. Nifungulie tu. Niamini mara moja."

Bi Kadi akamtazama dada yake. Dada akatikisa kichwa.

"Usinipigie tena," akasema, akakata.

Kufuli alipiga, jamani. Alipiga mpaka namba yake ikazuiwa nayo. Akaja mpaka mlangoni, dada mtu akamfungulia nusu, akamwambia mgonjwa amelala, mgonjwa ambaye alikuwa nyuma ya pazia anajiuma kidole asilie. Baadaye wakasikia benchi la ghorofa ya tatu lina mtu mwingine. Kufuli kahamia mji mwingine, anafundisha kompyuta huko. Wala hakuaga.

Bi Kadi akajikaza kisabuni. Akatengeneza kadi za watu, maua ya dhahabu, njiwa wawili, majina yanayokumbatiana. Jioni kijani kikatokea, simu isilie. Alijiambia yuko salama. Alijiambia hivyo akipiga mswaki, akajiambia tena akisubiri wali uive, na dada yake akawa anamtazama tu, hasemi kitu, maana hata sindano huchoka kuchoma.

Miezi ikapita, kompyuta ikawa nzito. Akaipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, mama wa makamo mwenye miwani aliyeifungia kamba shingoni. Yule mama akapekua, akaguna.

"Humu karantini kuna kitu kimoja tu. Nikifute?"

Bi Kadi alifungua mdomo aseme ndiyo. Ikatoka, "Kiangalie kwanza. Kama ni kibaya, ukifute."

Fundi akakifungua upande wa ndani, penye maandishi ya programu yenyewe, akasoma, miwani puani. Akaanza kutabasamu, kisha akajizuia.

"Hiki hakina ubaya, mwanangu. Kinatuma ujumbe mfupi kwenye namba moja ya simu, basi. Hizi antivirusi hushtukia sana vitu vya kutengenezwa nyumbani. Nimekitoa karantini, nenda ukakifungue ukiwa peke yako."

Alikifungua adhuhuri ile ile, hata viatu hajavua. Ikajitokeza kadi. Kadi ya harusi iliyochorwa na mtu asiyejua kuchora, waridi kama kabichi, njiwa mmoja mkubwa kuliko mwenzake, maandishi yamekwenda upande. *Bi Kadi, umetengeneza kadi za watu wote. Yetu tutaitengeneza lini?* Chini yake vitufe viwili, *Ndiyo* na *Ngoja nifikiri*. Cha hapana hakikuwepo.

Akapiga yowe, dada akaja mbio na sare yake ya kazi. Akasoma. Akaketi sakafuni palepale. "Mimi ndiye niliyemfungia mlango," alisema. "Mungu wangu, lile shati jeupe."

Bi Kadi akabofya *Ndiyo*. Ukuta nao haujui huruma, ukauliza swali lake: *Programu isiyojulikana inataka kutuma taarifa nje. Ruhusu au zuia?*

"Ruhusu," alisema kwa sauti, akabofya. Kisha akaikumbuka namba aliyoizuia, akaifungulia, vidole vinateleza kwa machozi.

Simu ikalia kabla hajafuta uso.

"Nimepata ujumbe," alisema Kufuli. Nyuma yake kengele ya shule ilikuwa inalia.

"Nisamehe. Kufuli, nisamehe, sikujua, naomba..."

"Nilikuwa kwenye ngazi za chini siku ile. Na pete mkononi. Nilikuwa nangoja simu ilie, nipande."

Bi Kadi alilia tu, naye akamwacha alie.

"Una mtu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Sina. Ningekuwa na mtu ingekuwa rahisi kukuambia yamekwisha. Niambie kitu kimoja, usinifiche. Ulikifunguaje? Uliizima antivirusi?"

Angeweza kudanganya. Neno lilikuwepo ulimini, dogo, tamu. Lakini kudanganywa alikujua, na mtu huyu hakustahili.

"Nilipeleka kwa fundi."

"Akakiangalia?"

"Ndiyo."

"Akakwambia hakina ubaya."

"Ndiyo."

"Ndipo ukafungua."

Bi Kadi akafumba macho. "Ndiyo."

"Kwa hiyo umemwamini yeye," alisema Kufuli. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkata maini. "Sikulaumu, kipenzi. Ulichotendewa nakijua, na sheria nilikufundisha mwenyewe. Lakini nitaishije hivyo? Kila nitakapoketi kwenye kompyuta yako utaitazama mikono yangu. Nikichelewa, utatafuta wa kuniangalia kwanza. Nakupenda. Naona leo nimeweza kulisema. Ila siwezi kuishi karantini."

"Nitabadilika."

"Unasema kweli?"

Alitaka kusema ndiyo. Akatafuta moyoni mwake mahali pa kuisimamisha hiyo ndiyo, akakuta bado pana yule wa zamani, anatafuna. Akanyamaza. Kufuli akakisikia kimya hicho mpaka mwisho.

"Haya, malkia wa kadi," alisema, na sauti ikamkwama kweli. "Ile antivirusi isasishe. Toleo jipya limetoka."

"Bado ni ya bure?"

"Bado ni ya bure."

Akakata. Dada mtu akamshika mabega. Wakakaa hivyo mpaka jua likafika dirishani, kadi ya waridi za kabichi ikiwa bado wazi mbele yao, na kwenye kona ya skrini kikachomoza kibandiko cha kijani: *Kompyuta yako iko salama. Hakuna tishio lililopatikana.*