Mkufu Uliopotea Wakati wa Kuoga

Kadidja alivua mkufu wake wa dhahabu saa sita na nusu mchana, akaufutika chini ya mto, akaenda kuoga. Aliporudi, maji yakimchuruzika masikioni, mto ulikuwepo na mkufu haupo. Alipiga ukelele mmoja tu, nao ulitosha. Meli ya *Nyota ya Kivu* haikuwa kubwa, na hata waliokuwa mezani wakitoa miiba ya samaki waliacha vidole hewani.

Ilikuwa Ijumaa ya mwaka 1956, meli ikirudi Goma kutoka Bukavu, kisiwa cha Idjwi kikiwa upande wa kulia. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Asumini binti Yuma, mjane wa mtaa wa Majengo, mwenye mwili mkubwa na ulimi mkubwa zaidi. Safari hii ilikuwa yake. Ndiye aliyekusanya familia za Goma, za Waislamu na za Wakristo, watu waliozoea kupanda meli kwa biashara au kwa msiba, akawashawishi wapande kwa raha tu: kwenda Bukavu, kutembea siku mbili, kurudi. Kabla ya kuondoka aliwaita nyumbani kwake, akawapa chai na siri zote za meli.

"Musichukue kabini yenye iko juu ya mashine," aliwaambia, "mutatetemeka usiku muzima. Kwenda, jua la asubuhi linapiga kushoto. Kurudi, linapiga kulia. Muikale upande wa kivuli. Kula zamu ya pili, mupishi anakuwa ametulia na vipande vinakuwa vikubwa. Kuoga, oga wakati wenzako bako ku meza zamu ya kwanza, ndipo maji ya moto inatosha. Na saa sita mumwombe Onésime, mutumishi wa makabini, afungue milango yote ya kabini, upepo upite."

"Na siye watu wa ng'ombe, wenye hatule samaki?" aliuliza mzee mmoja wa Masisi.

"Uje na chakula yako, muzee," alimjibu, na watu wakacheka.

Sasa, mbele ya ule mto mtupu, Asumini aliyakumbuka maneno yake mwenyewe. Ni yeye aliyetaka milango ifunguliwe. Ni yeye aliyemwambia Kadidja, bi arusi mpya, aoge saa ile. Mwizi hakuhitaji akili zake mwenyewe. Alitumia za Asumini, tena bure, na chai juu.

Kapiteni, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, hakupoteza muda kufikiri. Funguo za kabini zilikuwa kwa mtu mmoja, Onésime, mtumishi wa kabini. Basi mwizi ni Onésime. Aliamuru afungwe mikono kwa kamba kwenye nguzo ya ngazi, kila apitaye amwone.

"Tukigusa Goma, polisi," alisema.

Hapo ndipo Asumini alipokosa raha kabisa. Onésime alikuwa mtoto wa jirani yake. Kazi ile alimtafutia yeye, akampa mama yake neno: mutoto wako ni mutoto wangu. Na bandarini Goma, kama ilivyo desturi yake kila meli ikirudi, angekuwa amesimama Nyirarukundo, mke wa Onésime, mwenye mimba pevu. Angemwona mumewe akitelemshwa kama mbuzi wa sokoni.

"Kapiteni, unipe ruhusa niulize batu," alisema.

"Uliza, mama. Saa kumi na moja tunafika, na hapo maulizo imekwisha."

Mabaharia wawili walipekua mizigo yote. Walikunjua mablanketi, wakamwaga masanduku, wakachokoa hata kikapu cha maandazi cha Asumini mwenyewe. Hawakupata kitu. Jumaine, mume wa Kadidja, mfanyabiashara kijana wa asili ya Maniema aliyekuwa akipeleka chumvi na vitenge vijiji vya Masisi, alizunguka sitahani akiapa kwamba atamvunja mtu mguu. Mkewe alikaa sakafuni kabinini, hali, hanywi, akilia polepole.

Asumini alianzia kwenye nguzo.

"Onésime, uniambie ukweli kama unamwambia mama yako."

"Mama, saa sita nilifungua milango kama siku zote. Kisha nikaenda nyuma kufua mashuka."

"Uliona nani ku njia ya makabini?"

Onésime alisita. "Monsieur Télesphore. Alitoka mule anakimbia, anajipanguza uso. Kapiteni nilimwambia, lakini hakusikia. Ule ni mutu wa kravati shingoni."

Télesphore alikuwa karani wa shamba la kahawa, na tangu waondoke Goma alikuwa amewachosha watu kwa hadithi za meli kubwa alizopanda kwenye ziwa Tanganyika, mawimbi kama nyumba, yeye amesimama imara. Asumini alimkuta mbele ya meli, amekamata chuma cha ukingo kwa mikono miwili.

"Monsieur, saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nilikuwa nasoma gazeti."

"Liko wapi hilo gazeti?"

"Limechukuliwa na upepo."

"Na ulitafuta nini ku makabini?"

"Sikufika kule, mama. Unanishitaki miye, mutu wa biro, karani wa ofisi?"

Asumini aliinama, akavuta pumzi karibu na viatu vya karani, vyeusi, vilivyong'arishwa isipokuwa ncha moja. Akainuka taratibu.

"Viatu vyako vinanuka matapishi, mutoto wangu."

Télesphore aliangalia maji, akaangalia mbingu, akakosa pa kuangalia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na kiatu.

"Nilikuwa natapika mu ndoo, ku kabini yangu," alinong'ona. "Tangu asubuhi. Nakuomba usiseme."

Ndoo ilikuwepo kweli, chini ya kitanda, na haikuwa na haja ya shahidi mwingine. Asumini aliifunika kwa gazeti, ambalo upepo haukuwa umelichukua, akatoka.

Saa kumi zilikuwa zimepita. Mbele, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulionekana na moshi wake, na kila akigeuka aliuona umekua. Asumini alishindwa kukaa. Alitembea kutoka ubavu hadi ubavu akiuliza huyu na yule, na wote waliokula zamu ya kwanza walikuwa wametajana: fulani alikaa na fulani, fulani alimpa fulani chumvi. Alibaki mmoja ambaye hakuna aliyemtaja, na hakuna aliyemkumbuka mahali pengine.

Huyo alikuwa Mzee Ntirenganya, yule yule wa Masisi. Alikaa upande wa kulia, kwenye kivuli, amevaa kofia ya pama, fimbo mapajani, kibuyu chake cha maziwa chenye mfuniko wa kusukwa kikiwa kati ya miguu. Alikuwa mtu wa heshima na ng'ombe wengi. Asumini alimsalimu, akamwulizia habari za watoto na mifugo kama inavyopasa, kisha akasema:

"Muzee, unisamehe, nauliza kila mutu. Zamu ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Ku meza, mama, na wengine."

"Chakula ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzuri. Nilikula, nikashiba. Umwambie mupishi aksanti."

"Nitamwambia."

Akaenda kumwambia. Mpishi, Védaste, alikuwa akisugua sufuria.

"Leo ulipika nini?"

"Mama, leo Ijumaa. Wakristo habakule nyama. Nilipika samaki na ndizi, chungu kimoja."

"Hakukuwa kitu kingine? Maharagi? Wali?"

"Hakuna. Kwani kuna mutu amelalamika?"

"Hakuna aliyelalamika," alisema Asumini, "na hiyo ndiyo shida."

Alisimama kwanza pale jikoni, mkono kiunoni. Siku ya kwenda, samaki walipoletwa mezani, mzee yule alikuwa ameinuka na kibuyu chake akaenda kunywa maziwa peke yake kwenye upepo, bila kumtukana mtu. Harufu tu ilimshinda. Na leo eti alikula akashiba. Asumini alimtafuta baharia Twagirayezu, aliyepekua mizigo.

"Mulichunguza vyote?"

"Vyote, mama."

"Na kibuyu cha muzee?"

Twagirayezu alimtazama kama ameambiwa apekue altare ya kanisa. "Chombo cha maziwa ya mutu? Miye ni mutoto wa Kibumba, kwetu ni ng'ombe. Mukono wangu hauwezi kuingia mule. Na kapiteni hakuuliza."

Mabati ya Goma yalikuwa yameanza kumeremeta juu ya mawe meusi. Asumini alimwita kapiteni, akamwita Jumaine, akamshika Kadidja mkono akamwinua kutoka sakafuni, na abiria waliobaki wakajileta wenyewe, kwa kuwa macho hayana pazia. Wote walisimama mbele ya Ntirenganya, hatua chache kutoka ile nguzo ya ngazi.

"Muzee," alisema Asumini, "mutoto huyu hakutia kitu mu kinywa tangu asubuhi. Namwombea maziwa kwako."

Watu wa Masisi na Rutshuru waliokuwepo walingoja jambo la kawaida litendeke. Kwao, maziwa yakiombwa hutolewa. Hata adui akiomba hupewa, ugomvi ukaendelea baadaye. Ntirenganya hakusogea.

"Imekwisha," alisema.

"Imekwisha saa ngapi? Tangu tutoke Bukavu hakuna mwenye alikuona ukinywa. Na samaki wewe haule. Uliniambia mwenyewe mu nyumba yangu, na batu wote bako hapa ni mashahidi. Ku meza leo kulikuwa samaki na ndizi chungu kimoja, hakukuwa kingine. Samaki hukula. Maziwa hukunywa. Muzee, leo ulishiba na nini?"

Kapiteni alifungua kinywa, na Asumini, bila kumtazama, akamzuia kwa kiganja.

"Sitagusa kibuyu chako," aliendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Hakuna mwenye atakigusa. Utamimina wewe mwenyewe, ama utamwambia mutoto huyu mbele ya batu ya kwenu kwamba unamunyima."

Mzee alivua kofia, akaiweka kando. Alifungua mfuniko, akavuta bakuli la bati, akamimina. Maziwa yalishuka mazito, na mwishoni, pamoja nayo, ukashuka mkufu, ukalia kwenye bati.

"Sikuiba," alisema. "Nilichukua ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani?" aliuliza kapiteni.

Ntirenganya alimwelekeza Jumaine kwa kidevu. "Umuulize. Miaka miwili alilala kwangu kila akileta chumvi. Nikampa ng'ombe jike ya urafiki, mwenye baka jeupe. Ng'ombe ya namna ile haiuzwe. Inazaa, ndama wa kwanza anarudi kwa mwenye alitoa, na urafiki unaendelea kwa watoto wenu. Yeye alimpeleka kwa muchinjaji. Nilisikia, nikanyamaza, nikasema batu banadanganya. Lakini juzi, Bukavu, nilimsikia na masikio yangu anacheka na rafiki zake: mukufu wa muke wangu ni ng'ombe moja tu ya Masisi. Nilikaa safari nzima naona ng'ombe yangu ku shingo ya ule binti."

"Ulinipa, ikawa yangu," alisema Jumaine, uso umemwiva. "Kitu changu nauza."

"Sikukupa nyama."

Kadidja alikuwa amegeuka kumtazama mumewe. "Uliniambia mukufu ni wa nyanya yako," alisema. "Uliniambia aliuacha kwa ajili yangu."

Jumaine alisema hapa si mahali pa maneno hayo. Kadidja akasema yeye haoni pengine.

"Na Onésime?" Asumini alimgeukia mzee, na sasa hasira ilimpanda kweli. "Onésime alikula ng'ombe yako? Ulimwona anafungwa. Ukakaa ku kivuli."

"Niliwaza Goma watamwachilia. Hakukutwa na kitu."

"Uliwaza, muzee, ama ulitaka kuwaza?"

Ntirenganya aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima aliyeshinda na njaa.

Basi ndimi zikafunguka. Wenye ng'ombe walisema Jumaine ndiye mwizi wa kwanza. Wafanyabiashara wakasema zawadi ni zawadi, na aliyeingiza mkono chini ya mto wa bi arusi ni mwizi hata kama ana ng'ombe mia. Kapiteni, mkufu ukimdondoshea maziwa kiganjani, aliuliza ampe nani, na akapata majibu sita. Télesphore, aliyepona ghafla, alianza kueleza sheria inavyosema. Asumini mwenyewe alikuwa katikati, mikono ikipaa, akimwambia Jumaine jinsi marehemu baba yake angeona haya, akimwambia mzee kwamba kosa halifuti kosa. Alikuwa amefumbua fumbo mbele ya kapiteni na meli nzima, na, tuseme ukweli, alijisikia vizuri.

Meli ikagusa Goma. Ubao wa kushukia ukatupwa. Polisi wawili walipanda, wakaulizwa na kila mtu kwa wakati mmoja.

"Mama," sauti ikasema nyuma yake.

Hakuisikia. Alikuwa akimwonyesha polisi bakuli.

"Mama Asumini."

Aligeuka. Onésime alikuwa palepale kwenye nguzo, amesikia kila neno, kamba imemvimbisha viganja. Hakuna mtu hata mmoja aliyemkaribia. Chini, kwenye mawe ya bandari, Nyirarukundo alikuwa amesimama na mkono juu ya tumbo, akimtazama mumewe, na haikujulikana alikuwa ametazama hivyo kwa muda gani.

"Miye nangali nimefungwa," alisema Onésime.

Asumini aliona haya. Akapiga magoti hapohapo sitahani, akaanza kung'ang'ana na fundo kwa vidole, na lilipokataa, akaliuma kwa meno.